Mpira umegoma na lawama zote zimeenda kwa kaboni? Pitia dalili hizi kwanza

Wakuu, kwenye karakana zetu za mpira, sisi tunaotoa bushi, sili, mikeka ya gari, soli za viatu na vitu kama hivo, bachi (mchanganyiko wa mkupuo mmoja) ikiharibika tu lawama ya kwanza inaenda kwa kaboni bleki, ile poda nyeusi ya kwenye magunia. Mpira umetoka mgumu, kaboni mbaya. Umepasuka, kaboni mbaya. Una vidoa, kaboni mbaya, halafu mtu anaongeza kilo mbili au anapunguza kilo mbili bila kupima chochote na bachi inayofuata inaharibika kwa namna nyingine kabisa. Inaniuma sana kuona mpira wa hela nyingi unarundikwa nyuma ya karakana kwa sababu hiyo.

Kaboni inaweza kuwa na kosa kweli. Ila kila kosa lake lina sehemu lilipoanzia, iwe kwenye tanuru la kiwanda kilichoitengeneza, kwenye kupozwa, kwenye kufinyangwa punje, kwenye ghala au kwenye miksa yako mwenyewe, na kila sehemu inaacha alama yake. Tafuta alama kwanza, fomula iguse mwisho.

Kwa kifupi inavotengenezwa, maana bila hii dalili hazitaeleweka. Njia inayotawala dunia leo ni ya tanuru la mafuta, iliyoanza na kampuni ya Phillips Petroleum kule Borger, Texas, mwaka 1943, wakati wa vita, Marekani wakiwa wanahangaika na mpira wa kutengenezwa kiwandani ambao bila kaboni ya maana haufai kabisa kwa tairi. Unachoma gesi au mafuta kwa hewa nyingi upate joto la nyuzi 1,300 mpaka 1,900 hivi, ndani ya moto huo unapuliza mafuta mazito yenye aromatiki nyingi, yanavunjika yanakuwa chembe za kaboni ndani ya muda mfupi mno, mfupi kuliko kupepesa jicho, halafu yanapigwa maji ili kila kitu kisimame palepale. Moshi unapita kwenye filta za mifuko, kaboni inabaki, inachanganywa na maji karibu nusu kwa nusu kwenye mashine ya pini zinazozunguka mpaka iwe punje, inakaushwa, inapakiwa. Afrika viwanda viko Alexandria kule Misri na Gqeberha (zamani Port Elizabeth) kule Afrika Kusini, India nao wanavyo vingi, kwaiyo gunia mpaka lifike kwako limeshapigwa na meli, foklifti, lori na mabega ya watu.

Kabla ya dalili yoyote, soma gunia

Naomba hili usiliruke. Tafuta ile namba: N110, N220, N330, N550, N660, N774, N990. Tarakimu ya kwanza baada ya N ndo ukubwa wa chembe, ikiwa ndogo chembe ni ndogo, mpira unakaza na unavumilia kusuguliwa lakini kuchanganya ni shughuli. Wazee wa kazi bado wanatumia majina ya zamani, HAF ni N330, ISAF ni N220, FEF ni N550, GPF ni N660.

Sasa wengi wanaishia hapo kwenye tarakimu ya kwanza na hapo ndo wanapoumia. Chembe haziko moja moja, zimeshikana kwenye tanuru kama kishada cha zambarau, na kishada kinaweza kuwa kifupi kimejibana au kirefu chenye matawi mengi. Ukubwa wa chembe wanaupima kwa aiodini, matawi wanayapima kwa kuangalia kaboni inakunywa mafuta kiasi gani. Chukua N326 na N330, zote aiodini yake ni 82, lakini namba ya kunywa mafuta moja ni 72 na nyingine 102. Muuzaji akikwambia "hii ni ileile tu ya mia tatu" na akakupa N326, kompaundi (mpira uliokwisha changanywa na kaboni na dawa zake) itatoka laini zaidi, itavutika zaidi, na wewe utasema kaboni imechakachuliwa wakati umepewa gredi nyingine halali kabisa. Matawi hayo yanapunguzwa makusudi kiwandani kwa kutia chumvi kidogo ya potasiamu kwenye tanuru, ni ubunifu wa miaka mingi sasa, kwaiyo sio bahati mbaya ni bidhaa tofauti.

Kama gunia halina namba yoyote, limeandikwa tu "carbon black" na nembo ya kuchekesha, nenda moja kwa moja kwenye kipengele cha mpira kuchakaa huko chini.

Dalili: vidoa, vinundu, au mpira unapasuka ukianzia kwenye kipele kidogo

Hii ndo inayosumbua wengi nitakaa nayo.

Chukua wembe mpya, kata mpira mara moja tu kwa mkato mmoja, usirudie rudie, halafu angalia uso uliokatwa kwa lenzi ya mkononi mwanga ukipiga kwa pembeni. Uso mzuri ni laini unang'aa. Ukiona vipele, chokoa kimoja kwa sindano ukiweke kwenye karatasi nyeupe ukisugue kwa kidole. Kikivunjika na kupaka weusi, hiyo ni kaboni ambayo haijafunguka. Kikigoma, kikakwaruza kioo, huo ni mchanga wa kiwandani, na hizi mbili hazina undugu hata kidogo, moja dawa yake iko kwenye miksa na nyingine dawa yake ni kurudisha mzigo.

Uhakikishe hivi. Pima gramu 100 za kaboni kutoka kwenye gunia, zioshe kwa maji yanayotiririka taratibu juu ya chekeche la maikroni 45 mpaka maji yawe safi, kinachobaki kikaushe. Nzuri inabakisha kidogo mno. Kilichobaki pitisha sumaku juu yake: kinachovutwa ni kutu au chuma kutoka kwenye mabomba. Vipande vyeusi vigumu vinavyong'aa ni koki, yani mafuta yalirushwa yakagonga ukuta wa tanuru badala ya kuvunjikia hewani, mara nyingi ncha ya kupulizia ilikuwa imechakaa au imekaa vibaya. Vipande vya rangi ya udongo ni matofali ya tanuru yaliyolika. Yote matatu huwezi kuyatibu kwa kuchanganya zaidi, ukichanganya saa nzima koki itabaki koki, piga picha, weka sampuli kwenye chupa yenye namba ya bachi, mpigie muuzaji.

Ila subiri kidogo kabla ya kupiga simu. Kama unachanganyia kwenye roli mbili wazi, kaboni inayodondoka kwenye trei mnaifagia na nini? Nimeona kwenye karakana nyingi ufagio uleule wa sakafuni unakusanya kaboni na mchanga wa viatu vya watu na inarudishwa kwenye roli. Oshea pia gramu 100 za iliyofagiwa, ulinganishe na ya gunia jipya. Hapo ukweli unajulikana na hakuna ugomvi na mtu.

Sasa kama ni kaboni isiyofunguka. Cha kwanza, punje ngumu kupita kiasi. Bonyeza punje moja moja kwa ukucha juu ya kioo, zinatakiwa zivunjike bila kupigana nazo. Zikiwa ngumu sana maana yake kwenye mashine ya pini maji au gundi ilizidi (wanatia molasi au lignosulfoneti kama gundi), zikakauka zikawa vichembe vya mawe. Cha pili, na hiki ndo kinachotokea zaidi, ni mpangilio wako. Mafuta ya kulainishia yakiingia mapema mpira unakuwa unateleza, hakuna nguvu ya kuminya, kaboni inaogelea tu. Kaboni iingie kwanza, ikishashikwa na mpira ndo mafuta yafuate, na kama kaboni ni nyingi igawe mara mbili, mafuta yaende na ile ya pili. Cha tatu, miksa imejazwa vibaya. Miksa ya ndani ya aina ya Banbury, aliyoipatia hataza Fernley Banbury mwaka 1916 na mpaka leo ndo baba wa miksa zote hizi, inafanya kazi ikiwa imejaa asilimia 70 mpaka 80 ya nafasi yake. Ukiweka kidogo kwa kuhofia mashine, mpira unazunguka bila kuminywa, unatoka umependeza kwa nje na ndani vinundu.

Mwenye miksa ya ndani aangalie mita ya ampea, ni mwalimu mzuri sana. Pistoni inayokandamiza mzigo ndani ya miksa ikishuka, sindano inapanda, inashuka, halafu inapanda tena mara ya pili. Kupanda kule kwa pili ndo kaboni imeshalowana na mpira, kuanzia hapo ndo kufunguka kwenyewe kunaanza. Watu wengi wanamwaga bachi kabla au palepale sindano ya pili inapofika juu kwa sababu saa imesema dakika zimeisha. Saa haijui kama umeme wa leo ni mdogo au mpira wa leo ni baridi, mita inajua. Andika kwenye daftari muda wa kupanda kwa pili kwa kila bachi, siku ukirefuka ghafla kwa fomula ileile, hapo una sababu ya kushuku gunia.

Dalili: gunia likifunguliwa chumba kizima kinakuwa giza

Zamani kaboni yote ilikuwa hivi. Kile kiwanda cha mwanzo cha Marekani cha kutengeneza kaboni kwa gesi asilia, West Virginia mwaka 1872, na vya chaneli vilivyofuata, vilikuwa vinachoma gesi chini ya vyuma na kukwangua masizi yaliyoganda, weusi ulionekana kilomita kadhaa na sehemu kubwa ya kaboni iliishia angani. Punje zimekuja miaka ya 1930, kampuni ya Cabot wakiwa mbele kwenye hilo, na ndo zilizofanya hii kitu isafirishike bila kuua watu kwa vumbi.

Kwaiyo vumbi jingi leo maana yake punje zimevunjika. Ama zilitoka kiwandani laini, ama zimepondwa njiani. Fungua gunia la katikati ya rundo na la chini kabisa: la chini likiwa unga na la katikati likiwa zima, tatizo ni upangaji, mmerundika juu sana. Yote yakiwa unga, ni kiwanda au safari.

Unga wenyewe sio sumu kwa kompaundi, tatizo ni kwamba unaruka, mzani unadanganya (ulipima 25 zimeingia 24), na pistoni ikishuka kwa kasi inaupuliza nje. Shusha taratibu. Kama unaweza kupata mifuko ya EVA (aina ya plastiki laini) inayoyeyuka kwa joto dogo, pimia humo na utupe mfuko mzima mzima ndani ya miksa.

Na hapa naomba niseme kwa uzito: vijana wanaochanganya wapewe barakoa za kweli za vumbi. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, wameiweka kaboni bleki kundi 2B, yani inawezekana ikasababisha saratani kwa binadamu, na kikomo cha OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, ni miligramu 3.5 kwenye mita moja ya ujazo ya hewa. Kitambaa cha kufunga mdomoni hakizuii kitu. Vumbi hilihili linapitisha umeme, likiingia kwenye paneli za umeme linapiga shoti, kwaiyo milango ya paneli ifungwe muda wote.

Dalili: mpira unaiva kabla ya wakati, au presi inafunguliwa bado mbichi

Kuungua mapema mara nyingi kunatokana na joto, na joto linatokana na gredi. Ukibadilisha N330 ukaweka N220 kwa kipimo kilekile, chembe ni ndogo zaidi, msuguano ni mkubwa, bachi inapanda joto haraka. Pima kwa kipimajoto cha sindano ukichoma ndani ya mpira, usipime ukuta wa miksa. Awamu ya kwanza isivuke 160 hivi, awamu ya salfa na akselereta (dawa za kuivisha mpira na kuharakisha kuiva) iishie chini ya 110. Shiti zipoe zimetandazwa, usizirundike zikiwa moto maana katikati ya rundo zinaendelea kuiva zenyewe.

Kuchelewa kuiva kuna sababu moja ambayo watu hawaifikirii. Kaboni ya tanuru ina pH (kipimo cha asidi, chini ya 7 ni asidi) ya 7 mpaka 9, haina shida na akselereta. Ila kuna kaboni za wino na rangi ambazo uso wake umetiwa oksijeni makusudi, zina asidi kama zile za chaneli za zamani zenye pH 3 mpaka 5, zinazuia akselereta kufanya kazi. Mtu kapata bei nzuri kwa wauza rangi kaileta kwenye mpira. Chemsha kaboni kidogo na maji safi, ipoe, chovya karatasi ya pH, kazi ya nusu saa.

Dalili: ugumu unapanda na kushuka bachi kwa bachi

Angalia unyevu kwanza. Kaboni inavuta maji hewani, na ya chembe ndogo inavuta zaidi. Pima kiasi, weka kwenye oveni nyuzi 125 kwa saa moja, pima tena. Ikipoteza asilimia 1 mpaka 3 ni kawaida, ikipoteza 6 basi katika kila kilo 50 kilo 3 ulikuwa unapima maji, na kaboni ikipungua ugumu unashuka. Kwa N330 kanuni ya mkono ni kwamba kila sehemu 2 kwa 100 za mpira zinapandisha ugumu kwa nukta 1 hivi ya Shore A (kipimo cha ugumu wa mpira), na mafuta sehemu 2 zinashusha 1, kwaiyo unaweza kukadiria mwenyewe kama tofauti unayoiona inalingana na maji au kuna kingine. Maji hayohayo ndo yanaleta mapovu ndani ya bidhaa nene, ukikata bushi ukakuta vishimo kama mkate usiishambulie presi kabla ya kukausha kaboni.

Unyevu ukiwa sawa rudi kwenye gunia, linganisha namba ya gredi na ya mzigo uliopita.

Dalili: mpira unachakaa haraka, unakatika, lakini kwa macho ni mweusi safi

Weusi hausemi kitu. Matairi ya kwanza yalikuwa meupe meupe kwa zinki oksaidi, ni mpaka S. C. Mote na wenzake kule Silvertown, London, mwaka 1904 walipoona kaboni inautia mpira nguvu. Nguvu hiyo inatoka kwenye uso wa chembe unavyoshikana na mpira, na uso huo ndo unaokosekana kwenye mzigo wa bei ya kutupa.

Kama ni gredi halali jibu ni rahisi: N660 au N774 ukiipeleka kwenye soli au kitu kinachosuguliwa itachakaa tu, hiyo kazi ni ya N330 au N220. Ila siku hizi kuna unga wa tairi zilizochomwa bila hewa, unasagwa, unapakiwa kwenye gunia lisilo na namba na kuuzwa kama kaboni mpya. Unga huo una majivu asilimia 15 mpaka 20, maana zinki na silika zote za tairi la zamani zimebaki humo, wakati kaboni mpya majivu yake hayafiki hata 1. Peleka sampuli kwenye maabara yoyote yenye tanuru dogo, waiunguze nyuzi 550 mpaka weusi uishe (inachukua masaa mengi, waiache usiku), wapime kilichobaki. Ukikuta rundo la majivu meupe hakuna mjadala tena.

Siusemi vibaya unga huo wenyewe, kulitumia tena tairi la zamani ni jambo zuri na kwenye mikeka, vizuizi vya milango na bushi zisizobeba mzigo unafaa, hata kuchanganya sehemu na kaboni mpya inakubalika. Kibaya ni kuuziwa kwa jina la N330 ukaweka kwenye soli ya mtu.

Ishara nyingine ya unga huo ni mafuta. Nje, mbali na moto, tia gramu 2 za kaboni kwenye mililita 20 za tolueni (kiyeyusho kinachowaka kirahisi), tikisa, chuja. Tolueni ikitoka safi bila rangi ni salama, ikitoka njano au kahawia kuna mafuta ambayo hayajaungua yamebaki kwenye chembe. Kaboni mpya nayo inaweza kuonyesha hivi kama kiwandani maji ya kupozea yalipigwa mapema mno, mafuta hayajamaliza kuvunjika, ndo maana watengenezaji wanakuwa na sehemu kadhaa za kupigia maji kwenye bomba la tanuru na wanasogeza kulingana na gredi. Kwenye bidhaa utaona harufu ya lami na madoa ya kahawia yanahamia kwenye rangi nyeupe inayogusana na mpira.

Wenzetu wa mabomba ya plastiki

Kwa ufupi. Bomba la maji la polithini linatakiwa liwe na kaboni asilimia 2 mpaka 2.5, ndo inayolikinga na jua. Masterbechi (punje za plastiki zilizokolezwa kaboni) ya asilimia 40 unahitaji kilo 6 kwenye kila 100. Bomba likipasuka juani, bana kipande kidogo kwa moto kiwe karatasi nyembamba, kiangalie kwenye mwanga: michirizi isiyo na rangi maana yake masterbechi haikuenea, skrubu ya mashine ya kutolea bomba au joto ndo la kurekebisha. Ndani ya bomba pakiwa na magamba magamba na mapovu, masterbechi imekunywa unyevu, ikaushe nyuzi 80 kwa masaa 2 mpaka 4.

Dalili: gunia lina joto ukiligusa

Hii usiisubirishe hata kama kuna bachi kwenye miksa. Kaboni inaungua polepole bila moto na pengine bila moshi wa kuonekana, cheche ya kuchomelea ikidondoka kwenye rundo leo unaweza kuligundua kesho, na wakati wote huo inatoa kaboni monoksaidi ambayo haina harufu. Fungua milango yote, watu watoke, anayeingia asiingie peke yake. Magunia yenye joto yatolewe nje yakae mbalimbali. Usipige maji ya bomba kwa nguvu, poda inaelea juu ya maji na inatawanyika ikiwa bado inawaka, tumia maji ya ukungu au povu. Hata yakionekana yamepoa yaachwe nje chini ya uangalizi masaa 48 kabla ya kurudi ghalani, na eneo la kuchomelea vyuma lihamishwe mbali na ghala la kaboni siku hiyohiyo.